Vinu vya mkorosho vinapasuka, tatizo sio kerezo lako

Kijana mmoja wa Mtwara kaniandikia, nafupisha maana maelezo yalikuwa marefu: "Shikamoo fundi. Mimi ni seremala, nimejiungia kerezo, ile mashine ya kuzungusha mti unapouchonga, kwa mota ya zamani na beringi za gari. Mzee kang'oa mikorosho iliyozeeka shambani, nikaona isiishie mkaa yote, nikakereza vinu vidogo vya vitunguu saumu, michi yake na miti ya kusukumia chapati. Watu walivipenda sana ila ndani ya wiki tatu vinu vitano kati ya nane vimepasuka na kimoja kati ya hivyo vitano kinadondosha unga mweupe chini. Mvuvi mmoja mtu mzima kaniambia nipake mafuta ya maganda ya korosho, eti mti hautapasuka wala kuliwa na wadudu. Nipake? Halafu kwa ndani kunachanika chanika, niongeze spidi? Na mwiko wa ugali nao unakerezeka?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na mafuta ya korosho maana hilo ndo lenye hatari, USIPAKE. Yule mzee hajakudanganya, kwa mbao za chombo cha baharini yale mafuta yanasaidia kweli, mdudu hayataki. Lakini hayataki kwa sababu gani? Kwa sababu yanaunguza. Wewe ni mtoto wa Mtwara, huwezi kukosa kumjua mtu aliyebangua korosho mikono ikamtoka malengelenge, au mtoto aliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake midomo ikavimba. Ndo hayo hayo mafuta, yanakaa katikati ya ganda la nje na la ndani. Sasa uyapake kwenye kinu halafu mtu atwangie saumu za mchuzi? Ikitokea mama wa watu kavimba mdomo hutauza tena hata kijiti cha meno hapo mtaani. Kama ulishapaka hata kimoja kitoe kabisa kwenye biashara, usiseme utakiosha.

Haya sasa tuje kwenye kupasuka. Umeniandikia mambo mengi kuhusu mota, mkanda, beringi, lakini hukuniambia kitu kimoja, ile mikorosho ilikatwa lini. Nadhani najua, ilikatwa mwezi ule ule. Na nadhani tena kwamba ulichukua gogo la unene wa kinu, ukalifunga kwenye mashine zima zima, kile kiini cha katikati ya mti kikawa ndo katikati ya kinu. Kama nimekosea utanisamehe, ila wakerezaji wote tumeanzia hapo hapo.

Mti ukikauka unasinyaa, lakini hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi, na kuzunguka, yaani kufuata zile pete unazoziona ukikata gogo, unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Chukua mfano una kanga imezungushwa kwenye pipa, inafika vizuri ncha kwa ncha, halafu ile kanga imeruka ikawa fupi baada ya kufuliwa ila pipa ni lile lile. Haitafika tena, itabaki nafasi. Hiyo nafasi ndo ufa wako. Gogo zima lenye kiini ndani lazima lifunguke mahali, upake nta, upake mafuta, uombe dua, litafunguka tu.

Utaniambia mbona kinu cha bibi kule Newala kimechongwa kwenye gogo zima na kina miaka arobaini. Nenda kakiangalie vizuri mdogo wangu. Vingi vina ufa, vingine vimefungwa waya au vimepigwa bati pembeni, na vile vilivyobaki salama ni mti mgumu mnene, halafu pale juu kwenye tundu kiini kilishachongwa kikatoka, kimebaki kwenye kitako tu. Kwa kinu kidogo cha saumu huna sababu ya kubahatisha hivyo.

Ninavyofanya mimi hapa Lindi ni hivi. Nataka kinu cha upana wa inchi 5, basi natafuta gogo la upana wa inchi 13 au 14, nalipasua kwa urefu katikati kabisa ya kiini, napata nusu mbili. Kila nusu naitoa ile sehemu ya kiini, kama inchi moja hivi naitupa jikoni, halafu kwenye kilichobaki ndo nachora duara langu. Ukitazama kwenye kichwa cha kipande unaona pete zinapita kama upinde, huoni katikati ya mti mahali popote. Hapo kinu kikisinyaa kitakuwa yai kidogo badala ya duara, lakini hakitapasuka, na uyai utausahihisha kwenye kukereza mara ya pili.

Ndio, mara ya pili. Kinu kinakerezwa mara mbili. Kwanza kikiwa kibichi, unakitoa umbo la juu juu na kuacha nyama nyingi, kwa kinu cha inchi 5 mimi naacha ukuta wa inchi moja na robo hivi. Siku hiyo hiyo, sio kesho, napaka vichwa vyote viwili nta ya nyuki iliyoyeyushwa au hata rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, maana maji ya mti yanakimbilia kutokea kwenye vichwa kuliko ubavuni. Kisha kinaingia kwenye gunia pamoja na maranda yake yenyewe, gunia la kawaida linalopumua, sio nailoni utaotesha ukungu, na linakaa chini ya meza mahali pasipo na upepo. Huku kwetu watu wanaogopa jua tu, wanasahau kusi. Kuanzia mwezi wa sita upepo ule unakausha ngozi ya nje ya mti haraka kuliko ndani na ufa unaanza hapo, nimepoteza mabakuli ya mwembe kumi na moja kwa wiki moja kwa kuyapanga barazani nikidhani nayasaidia.

Utajuaje kimekauka? Kwa mizani. Nenda nacho duka la jirani kila Jumapili, andika uzito kwa penseli hapo hapo kwenye kitako cha kinu. Wiki za kwanza unashuka sana, halafu unashuka kidogo, ukiona wiki tatu mfululizo uzito haujabadilika basi kimefika pale hewa ya pwani inaporuhusu. Kwangu bakuli jembamba linachukua kama miezi miwili ya kiangazi, kinu kinaweza kufika minne, na kipindi cha mvua kuanzia Disemba mpaka Aprili hesabu muda zaidi. Najua unataka hela sasa hivi, basi kuna njia ya kuchemsha. Kata pipa nusu, jaza maji, tumbukiza vinu vilivyokerezwa mara ya kwanza, chemsha kama saa moja kwa kila inchi ya unene, kuni si unazo. Vikipoa unavipaka vichwa na kuviweka kwenye gunia kama kawaida. Vinakauka haraka zaidi na havipasuki sana, na faida nyingine wadudu waliomo ndani wanakufa.

Hapo ndo tunafika kwenye ule unga mweupe. Hao ni fukusi. Mkorosho ni mti laini na wanaupenda mno, gogo likikaa chini na gome lake wiki mbili tu wameshaingia. Kwa hiyo ukikata, toa gome siku ile ile, vaa mikono mirefu ukiwa unatoa maana utomvu wa gome nao unawasha wengine, na gogo liinue lisiguse udongo. Kile kinu chenye unga usikipulizie dawa ya wadudu, kichome. Dawa ya wadudu kwenye kinu cha saumu ni yale yale ya mafuta ya korosho.

Sasa nikwambie ukweli ambao pengine hukutaka kuusikia, mkorosho sio mti wa kinu. Hata ukikauka vizuri ni laini, mchi ukigonga miezi sita ndani kunaanza kumomonyoka na nyuzi zinaingia kwenye chakula. Ule mzigo wa mzee tengenezea vitu ambavyo havipigwi, vishikio vya droo, vinara, mabakuli ya kuweka matunda mezani, miguu ya stuli. Kinu na mchi tafuta mkwaju. Ni mgumu, mzito, nyuzi zake zimefungana hazikubali kupasuka kirahisi, kuna nchi za Asia wachinjaji wanakatia nyama juu ya kigogo cha mkwaju. Utakutoa jasho kuukereza, patasi utanoa mara tatu kwa kinu kimoja, lakini hutarudishiwa kinu.

Kwa mti wa kusukumia chapati mimi nachukua mpera kwanza. Watu wanaudharau kwa sababu ni mwembamba na unapinda pinda, ila hicho kitu hakihitaji zaidi ya futi moja na inchi mbili za mti ulionyooka, na mpera ni mgumu, laini kwenye mkono, hauna vitundu vya kuingia unga. Mchungwa na mlimau nao safi kabisa, hasa vijiko. Mwembe ni wa mabakuli. Mninga mzuri kwa kibao cha chapati na bakuli, vumbi lake tu funika pua. Mvule una mawe ndani, sitanii, kuna chokaa inaganda ndani ya mti kama jiwe, patasi ikikutana nayo makali yamekwisha. Mwarobaini usiujaribu kwa kitu kinachogusa chakula, uchungu hautoki.

Video nyingi za kukereza vyombo vya jikoni zinatoka Uingereza na Marekani, wanataja miti yao ambayo hapa hatuna, usihangaike nayo. Shika sababu yao tu, wanachagua mti wenye vitundu vidogo, usio na harufu wala ladha. Kwa miti yetu ya matunda nina jaribio dogo, kipande kilichokauka kikilala usiku mzima kwenye kikombe cha maji ya moto, asubuhi yale maji nayanusa na kuyaweka kidogo ulimini. Yakiwa na uchungu au yamekuwa kama chai ya rangi, mti huo hauendi jikoni.

Mpingo umeniuliza kwa pembeni. Mzuri sana kwa mchi, ni mzito mpaka unazama kwenye maji, na mchi mdogo wa mpingo una uzito wa kufanya kazi wenyewe. Lakini usiende kukata. Ni mti wa kibali, na tangu Januari 2017 biashara yake ya nje ya nchi nayo inasimamiwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wanaopasua mpingo wa kutengenezea klarineti wanatupa vipande vingi sana kwa sababu ufa mdogo tu wanakataa, na kipande cha inchi mbili kwa nane ambacho kwao ni takataka kwako ni mchi. Nunua hivyo, chukua risiti. Na kama unasafirisha mbao yoyote, hata ya shambani kwa mzee, pita kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, usije ukajibu maswali kwenye kizuizi.

Ila usifanye ile tabia ya baadhi ya vinyago vya barabarani, mti mweupe unapakwa dawa ya viatu ionekane mpingo. Kwenye kinyago ni utapeli, kwenye mchi unamlisha mtu dawa ya viatu.

Kuhusu ndani kuchanika, hapana, usiongeze spidi. Kwenye kinu nyuzi za mti zimesimama wima, ukiingia ndani unakata ncha za nyuzi, kama unanyoa ndevu fupi. Patasi butu haikati, inang'oa. Kwanza toboa katikati kwa keke mpaka kina unachotaka, kwa kinu chako inchi tatu na nusu inatosha, weka alama ya utepe kwenye biti usipitilize. Halafu kata ukianzia kwenye lile tundu kwenda nje ukutani, sio kutoka ukutani kuja katikati. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu wamezoea bakuli, bakuli nyuzi zimelala ndo unakata kutoka mdomoni kwenda katikati. Kinu ni katikati kwenda nje, kidogo kidogo. Na chini kabisa uache mviringo kama ndani ya kifuu cha nazi, usiache kona, saumu inajificha kwenye kona inaoza. Kichwa cha mchi kiwe na mviringo mdogo kidogo kuliko wa chini ya kinu, ukikisimamisha kiguse katikati na pembeni kibaki kiuwazi kama unene wa kidole cha mwisho.

Spidi tunapiga hivi, upana wa kazi kwa inchi zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Kinu cha inchi 5 ni mizunguko 1200 mpaka 1800, lakini hiyo ni mashine nzito iliyofungwa kwenye zege na kazi iliyokwisha kuwa duara. Mota yako kama ni ya mizunguko 1440, weka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye kerezo, unapata 720. Anzia hapo, gogo lisilo duara likizunguka kwa 1400 kwenye beringi za gari litakufuata kifuani. Mti wa chapati mwembamba unaweza kwenda mbio, puli sawa kwa sawa inatosha, ila katikati utatetemeka. Mkono wa kushoto uupitishe kwa nyuma ya mti, vidole viushike kidogo tu kama unashika yai, kidole gumba kibaki kwenye patasi. Ukiona vidole vinaungua unabonyeza mno. Acha tumbo kidogo katikati, inchi moja na robo pale kati na ncha zishuke mpaka robo tatu, mama anayejua chapati atakwambia unazungusha donge lenyewe.

Umesema patasi yako ni tupa ya zamani uliyoinoa. Itoe leo. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo, tupa ni chuma kigumu lakini hakipindi, kinavunjika kama kigae. Ilidaka kwenye kona ya gogo, ikakatika vipande vitatu, kimoja kilipita juu ya sikio langu la kulia kikaingia kwenye bati la ukuta na tundu lile mpaka leo linapitisha jua. Nenda kwa mhunzi na kipande cha springi ya gari, akufulie patasi mbili, moja ya mdomo wa mviringo na moja bapa. Springi inapinda kabla ya kuvunjika. Ukiwa unanoa kwenye grenda chovya kwenye maji kila mara, ukiona rangi ya bluu kwenye makali umeshaunguza, saga mpaka hiyo bluu iishe. Kiegemeo cha patasi kikae karibu na kazi, upenyo kama unene wa penseli, na kabla ya kuwasha zungusha kwa mkono duara zima. Usivae glovu wala shati la mikono linaloning'inia.

Ukimaliza msasa, namba 120 halafu 180 halafu 240, lowesha kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zitasimama, acha ikauke kisha pitisha 240 tena. Hii hatua watu wanairuka halafu mteja akiosha mara ya kwanza mti unakuwa kama ndevu.

Kupaka, ndani ya kinu usipake kitu. Hata vanishi, hasa vanishi, mchi utaibandua na italiwa. Nje na kwenye mti wa chapati chukua nta ya nyuki fungu moja na mafuta ya nazi mafungu manne, yeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, paka vuguvugu, acha usiku, asubuhi futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mafuta ya nazi hayakauki kama rangi, ukiyaacha mengi yatachacha. Yale mafuta ya kitani yaliyochemshwa ya duka la vifaa vya ujenzi huwa yametiwa madini ya kukaushia, hayo baki nayo kwenye milango.

Mwiko wa ugali usiukereze. Mwiko ni bapa, na ugali wa muhogo wa huku unataka ubapa mpana wa kusukuma, kerezo linatoa duara tu. Chonga kwa tezo na randa kama walivyochonga wazee, labda ukereze mpini peke yake kama unataka kujionyesha, mimi nilijaribu na mke wangu akaurudisha, alisema mpini wa duara unazunguka mkononi ugali ukishika.

Hao wateja watano warudishie hela yao au waambie wasubiri kinu cha mkwaju, nadhani wengi watasubiri. Na vile vitatu ambavyo havijapasuka usiviuze kwa mtu mwingine, viandike tarehe na uzito, viweke chini ya meza, halafu niandikie mwezi ujao uniambie vimepungua gramu ngapi.